Ng'ombe wa Mjomba Wafika Mirihi

WAFULA: Kabla hujasema lolote, nyumbani nimeshaomba msamaha. Kwa hivyo usianze.

AKINYI: Kwani nimesema? Nimecheka tu.

WAFULA: Hivyo hivyo ndivyo mama alivyocheka.

AKINYI: Waambie watu bana. Kila wiki wewe ndiye mwerevu wa kipindi, leo wakusikie.

WAFULA: Haya. Jumamosi mjomba amekuja kutoka Kimilili. Khocha mwenyewe, kaka mkubwa wa mama. Tangu azaliwe hajawahi kuona ziwa. Nikamwambia mzee, nakupeleka Dunga hapa Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, utaona maji mpaka uchoke. Ndani ya tuktuk nikapanga hotuba: la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, nchi tatu, na kadhalika. Tukashuka.

AKINYI: Na ziwa hakuna.

WAFULA: Hakuna! Upepo ulikuwa umesukuma magugumaji usiku kucha. Ni kijani kuanzia miguuni mpaka macho yanapoishia. Mzee akaweka mikono nyuma, akaangalia weee. Akaniuliza, "Hili shamba ni la nani? Na mbona hajaingiza ng'ombe?"

AKINYI: (anacheka) Mungu wangu.

WAFULA: Nikamwambia ni maji. Akaniangalia kama mtoto mwenye homa. Akaokota jiwe, akarusha. Likasema chubwi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ni shamba lililofurika."

AKINYI: Na pembeni alikuwepo nani?

WAFULA: Mwenye mashua mmoja, amekaa juu ya injini yake, anasema tu leo njia imefungwa. Na dada fulani mgeni anapiga picha yale maua ya zambarau, anasema ni pazuri sana. Mwenye mashua alimwangalia huyo dada, sitaki kurudia alichosema.

AKINYI: Sawa, ndiyo mada yetu hiyo. Sayari ngeni kwenye hadithi za kisayansi, na namna kila anayeifikia anavyoiona yake. Tuna mafunzo matatu kwa wanaotaka kuandika, nimeyaandika hapa kwenye karatasi. La kwanza...

WAFULA: Ngoja. Chukua ile nyota ya TRAPPIST-1. Sayari saba, kama miaka arobaini ya mwanga kutoka hapa. Nyota yenyewe ni ndogo, nyekundu, mwanga wake hafifu. Kuna wanasayansi wanaodhani mimea chini ya nyota kama hiyo ingeweza kuwa myeusi, ndiyo inyonye kila tone la mwanga. Mshushe mjomba pale. Atasemaje?

AKINYI: Shamba limechomwa.

WAFULA: "Nani amechoma? Na ng'ombe watakula nini?"

AKINYI: Mpeleke Mirihi.

WAFULA: Udongo mwekundu, jua linazama likiwa na buluu pembeni. Hilo la jua hata hataligusa. Atasema, "Udongo ni kama wa kwetu, lakini mawe mengi. Ekari ngapi kwa ng'ombe mmoja?"

AKINYI: Huyo mzee ni mpimaji bora kuliko waandishi wengi. Sisemi kwa mzaha. Waandishi wanampeleka mtu sayari ya mbali, na huyo mtu anaona milima, anaona bahari, anastaajabu, basi. Hana shamba alikotoka. Hana deni. Jicho lake halijatoka mahali popote.

WAFULA: Sasa ndipo ninaposema hakuna sayari. Kuna ya mjomba, ya mwenye mashua, ya yule dada. Mwandishi awape nafasi, akae kando.

AKINYI: Hapana.

WAFULA: Kwa nini hapana?

AKINYI: Kwa sababu jiwe lilisema chubwi. Mwandishi lazima ajue chini kuna maji, hata kama hatamwambia msomaji.

WAFULA: Si lazima. Stanisław Lem, yule Mpolandi, mwaka 1961 alitoa riwaya ya Solaris. Sayari yenye bahari moja, wanasayansi vizazi na vizazi wanaipima, wanaipa majina, wanajaza maktaba, na hawaielewi. Lem hakutoa jibu.

AKINYI: Lakini bahari inawajibu, Wafula. Inawaletea watu waliokufa. Kuna kitu kule kinachowagusa, wapende wasipende. Hebu mkumbuke Lowell.

WAFULA: Ulijua nitamleta Lowell.

AKINYI: Nimekuwahi. Mwaka 1877 Schiaparelli, mwanaanga Mwitaliano, anachora mistari anayoiona Mirihi, anaiita canali. Kwao hata korongo la mvua linaitwa hivyo. Kwa Kiingereza ikawa mifereji iliyochimbwa. Lowell, tajiri wa Boston, anajenga kituo cha darubini Arizona mwaka 1894, anachora mifereji, anaipa na wachimbaji: sayari inakauka, wanavuta maji ya barafu. Mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kinapita Mirihi na kamera. Mifereji hakuna. Mashimo tu.

WAFULA: Na kwa miaka hiyo yote watu waliandika hadithi tamu kuhusu mifereji isiyokuwepo! Tena Lowell aliangalia Zuhura akachora mistari kama spoku za baiskeli. Wapo wanaodhani aliziba mdomo wa darubini mno, akawa anaona kivuli cha mishipa ya jicho lake mwenyewe.

AKINYI: Si unaona? Spoku hazikuwepo.

WAFULA: Si unaona? Ziliandikwa.

AKINYI: Mimi nimelala ndani ya hayo magugu na baba. Darasa la tano. Mashua imekwama, injini imemeza mizizi, mbu, tukasubiri upepo ugeuke mpaka asubuhi. Usiniambie ule ulikuwa mtazamo.

WAFULA: ...Sijasema hukukwama. Nasema ulikwama kwenye kitu ambacho mjomba angeteremka akaanza kutembea.

AKINYI: Na angezama.

WAFULA: Angezama akiamini ni shamba.

AKINYI: Lakini angezama!

WAFULA: Hapo sisogei.

AKINYI: Na mimi sisogei. Eeh, na kijana wa mitambo anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili.

WAFULA: Na yale mafunzo matatu?

AKINYI: La kwanza lilikuwa... karatasi nimeikalia. Wacha tu. Lakini wasikilizaji wajue, yale majani zaidi ya asilimia tisini ni maji. Ng'ombe wa mjomba wangekuwa wanakunywa, si kula.

WAFULA: Nitamwambia. Alipiga simu jana usiku.

AKINYI: Alifika salama?

WAFULA: Alifika. Anauliza kama mwenye shamba amepatikana.