Nani Anasugua Masufuria Usiku wa Krismasi?

Bwana mwenyekiti, baba zangu, mama zangu, mashemeji, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: nawasalimu wote.

Nimepewa nusu saa, na mada iliyoandikwa kwenye ratiba ni "Shukrani katika familia wakati wa sikukuu". Wanaonifahamu wameshaanza kuguna, maana wanajua nitakwenda wapi. Nitakwenda huko huko, jikoni, kwa anayetupikia. Nimefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na mwalimu harudii somo kwa sababu amesahau kwamba alishalifundisha. Analirudia kwa sababu kuna mwanafunzi hajaelewa. Namwona amekaa safu ya tatu, amevaa shati la bluu, anatazama pembeni.

(Kicheko.)

Desemba hiyo inakuja. Sina haja ya kuwaeleza Desemba ya Mchagga ikoje. Nusu yenu mmeshaulizia nauli na nusu nyingine gari liko gereji. Tutajaza stendi ya Magufuli pale Mbezi, tutajaza treni, sasa kwa kuwa tangu Desemba 2019 inafika tena Moshi. Tutapita Chalinze, Segera, Korogwe, Same, tunapigiana simu: "Mmefika wapi? Sisi tuko Mombo tunakula." Ikifika tarehe 24 watani zetu wanasema Dar es Salaam imerudishwa kwa wenyewe. Utani mzuri huo, nami naufurahia. Nasema mapema kwamba sipingi watu kwenda nyumbani, kwa sababu kila nikimaliza kuzungumza kuna mtu husimama akasema, "Mwalimu, kwani wewe hutaki watu wakaone wazazi?" Nataka. Naenda na mimi. Ninachouliza ni kwamba tukishafika, anayetupokea ni nani, na nguvu za kutupokea anazitoa wapi?

Chukueni mji mmoja ninaoufahamu, yaani boma la familia moja, huko Vunjo, Kilimanjaro. Jina silitaji, maana mara nyingine wenyewe huwa wamo ukumbini. Wazee wa mji ule walijaliwa watoto wengi, wakasomeshwa kwa kahawa, wakatawanyika: Dar es Salaam, Mwanza, mmoja Dodoma serikalini. Kitinda mimba wa kiume, kama mnavyojua desturi, ndiye aliyebaki na wazazi kwenye kihamba, lile shamba la ukoo lenye nyumba. Akaoa. Huyo mke wake ndiye ninayetaka tumtazame. Kaka zake mume wanamwita shemeji, watoto wao wanamwita mama mdogo.

Siku za kawaida, ambazo si za sikukuu na wala hakuna anayezipiga picha, huyu mama anamwosha mama mkwe ambaye miguu imekataa. Ana ng'ombe wawili wa ndani, na ng'ombe wa ndani hawaendi malishoni, malisho ndiyo yanawafuata. Majani yanatoka huko tambarare chini, yanapanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Yakikosekana anakata mgomba, anaukatakata vipande. Hapo bado shamba, bado kahawa, bado watoto wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mnapenda mbege ya Krismasi, sivyo? Naona meno yote. Hebu tuhesabu kurudi nyuma. Ili wewe ushike kata yako tarehe 25, uketi chini ya mparachichi na useme "aisee, hii ndiyo yenyewe", ulezi lazima uwe umelowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Ndizi lazima ziwe zimevundikwa mpaka zikaiva sawasawa, zikachemshwa kutwa nzima kwenye pipa, zikaachwa siku kadhaa zitulie, zikachujwa. Gome la mti wa msesewe litafutwe, maana bila uchungu wake mtalalamika kwamba mbege ni ya watoto. Ndipo uji wa ulezi uingie, na hapo usipoangalia saa inachacha kabla ya wageni. Kuni za kazi yote hiyo sijazitaja. Wewe unakata tiketi tarehe 20. Yeye Krismasi yake ilishaanza zamani, wakati wewe bado unabishana na bosi kuhusu likizo.

Magari yakaingia, na mwaka ule nilikuwapo kwa sababu mji wetu unapakana nao. Watu kama arobaini, ukihesabu wajukuu, rafiki wa wajukuu, na mchumba mmoja mpya mwenye kucha za kubandika ambaye, kwa haki kabisa, hakuweza kumenya kitu. Kila anayeshuka anamkumbatia mama yule: "Shemeji, umenawiri!" Hakunawiri. Alikuwa amevimba macho kwa moshi.

Usiku wa kuamkia sikukuu nikaenda kumsaidia kumenya ndizi. Mchare, mabeseni matatu. Nyie mnaokula mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, mjini kwenye bakuli jeupe, sijui kama mnakumbuka utomvu. Unapaka mafuta mikononi kwanza, hata hivyo unashika. Unaingia kwenye mistari ya vidole na chini ya kucha, unageuka mweusi, na sabuni hauijui. Ndizi ukiimenya unaitupia kwenye maji mara moja, la sivyo na yenyewe inakuwa nyeusi. Basi mkono mmoja kisu, mwingine uko ndani ya maji baridi ya mlimani, saa nne za usiku, Desemba. Sebuleni wanacheka. Wana haki ya kucheka, hawajaonana mwaka mzima. Lakini yule mama naye alikuwa hajawaona mwaka mzima.

Asubuhi tukaenda kanisani. Ikafika sadaka ya shukrani, ndugu wale wakapita mbele wote, wamependeza, mashati ya kitambaa kimoja. Kaka mkubwa akashukuru kwamba Mungu ameifikisha familia nzima salama. Mchungaji akaombea familia nzima. Tukasema amina. Familia nzima, jamani! Mtu mmoja alikuwa jikoni anaponda mtori, kwa sababu sufuria ile ukiiacha inashika chini, na wageni wakitoka ibadani wana njaa.

Mchana, mbuzi. Hapa wanaume mtaninunia, lakini nasema. Kuchinja ni kazi, kuchoma ndafu, mbuzi mzima mzima, ni kazi, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kina ufundi wake, sikatai. Ila mwanaume wa Kichagga akichoma mbuzi mmoja Desemba, habari zake zinatufikia mpaka Pasaka. Anapigwa picha akiwa na kisu. Anapewa aproni! Mwenzake aliyelisha watu arobaini uji, chai, mtori, machalari ya ndizi na nyama, na chai tena, hata picha ya pamoja hayumo, kwa sababu ndiye aliyekwenda kuchukua viti.

Jioni zikaja hotuba. Tunajua kuhutubia sisi. Kaka mkubwa akamshukuru Mungu, akamshukuru dereva, akamshukuru aliyenunua mbuzi, akataja kwa jina aliyeleta kreti za bia, akamshukuru kijana wa muziki. Mwisho akasema, "Na akina mama kwa chakula kitamu, tuwapigie makofi." Yakapigwa makofi mazito kweli. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye bomba, naye yuko pale ameinamia sufuria kubwa, anasugua kwa majivu na steelwaya. Akainua kichwa akaniuliza, "Wanampigia nani?"

Nikamwambia, "Wewe."

Akacheka, akaendelea kusugua.

Najua mnachosema moyoni, maana nimeshajibiwa mara nyingi. La kwanza: "Lakini mwalimu, sisi huwa tunampelekea kitenge." Mnampelekea. Kuna mwaka alipokea vitenge vinne. Mtu mwenye vitenge vinne na sufuria kumi chafu anavaa lini?

La pili: "Hajawahi kulalamika." Alalamike kwa nani? Wewe ndiye unayemlipia mtoto wake ada. Tuwe wakweli, mtu anayeishi kwenye kihamba cha baba yako, ambaye mumewe ni mdogo wako, hawezi kukwambia wewe "leo sipiki". Kunyamaza kwake usikuchukulie kuwa ni kuridhika.

La tatu, hili linatoka kwa wazee, nalijibu kwa heshima: "Ni mila yetu, mwanamke ndiye mwenye jiko." Haya, tuzungumze mila. Mila hiyo hiyo ilisema mwanamke akijifungua alazwe. Zamani hadi miezi mitatu. Hagusi kuni, hachoti maji, hashiki jembe. Mama mkwe ndiye anayempikia mtori, anamletea pale alipo, na mbuzi anachinjwa kwa ajili yake. Babu zetu hawakumwambia mzazi "asante kwa kutuletea mtoto" kisha wakamkabidhi sufuria. Walichukua kazi zake wakazifanya wao, na hiyo ndiyo ikawa asante. Sasa mila hiyo tumeifupisha ikawa wiki mbili, lakini ile ya kumwachia jiko tumeihifadhi kikamilifu. Ukitaka mila, chukua yote.

Na msemo wa wahenga mnaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunafika tarehe 22, tunaondoka tarehe 2 Januari. Kuna mtu humu amewahi kupewa jembe? Nyoosha mkono. Hakuna. Tunapenda ule mwingine, "mgeni njoo, mwenyeji apone". Mwenyeji huyu ninayemsema, tukishaondoka, analala siku mbili.

Nina swali moja linanikera kuliko yote. Sisi ndio watu wa kamati. Harusi ina kamati, send-off ina kamati, kipaimara cha mtoto wa darasa la saba kina kamati, mweka hazina, katibu, kundi la WhatsApp lenye ujumbe usiku wa manane, kadi za michango zinazotukimbiza mpaka tunazima simu. Ukumbi tunaujua mwezi gani, mpishi tunamjua ni nani, vyombo vinaoshwa na nani tumeshalipia. Krismasi ya watu arobaini kwa siku kumi, ambayo ni kubwa kuliko harusi, kamati yake ni mwanamke mmoja na binti wa jirani. Kwa nini? Kwa sababu kwenye harusi tunajua kazi ile ina bei. Ya nyumbani tunadhani inaota yenyewe mgombani.

Kuna aliyeniambia mwaka jana, "Mwalimu, sasa unataka wanaume tuoshe vyombo mbele ya wakwe?" Ndiyo. Hakuna mkwe aliyewahi kufa kwa kuona mkwewe anasuuza sahani. Na kama unaona aibu sana, osha usiku. Giza lipo.

(Kicheko, makofi.)

Hayo makofi msinipigie mimi. Huko nyuma ya ukumbi nasikia sahani, kuna akina mama wanatuandalia. Wanasikia mhadhara huu? Hawasikii. Mwenyekiti, kwenye kikao kijacho chakula kipikwe kabla, au tusile.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na hoja nyingine tatu, nitazipitia mbiombio.

Dada wa kazi. Huyu mnayemwacha Dar alinde nyumba, au mnayekwenda naye akapike kule kwenu wakati na yeye ana kwao, Singida, Iringa, na mama yake anamngoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi "isipokuwa dada". Mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki ni haki yake. Likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka ni haki yake. Akifanya kazi siku ya sikukuu, saa zile ni malipo mara mbili. Tarehe 25 ni sikukuu na tarehe 26 ni sikukuu. Msiniambie "yeye ni kama mwanangu". Mwanao yuko wapi saa hizo? Kalala. Mpe nauli, mpe siku zake, mpe chake kamili kabla hajapanda basi.

Wazee. Bibi anayekaa kitini siku kumi anapigwa picha na kila mjukuu, kisha tarehe 3 nyumba inakuwa kimya na hakuna anayepiga simu mpaka mtu akumbuke. Hili nalo linataka siku yake, naliacha.

La watoto kufundishwa kusema asante nalifuta kabisa. Watoto wanatuangalia sisi.

Kwa hiyo tufanye kazi, muda wa kuongea umeisha. Kuna karatasi, nimeichora mistari mwenyewe. Safu ya kwanza: hela ya kuni, unga na mafuta, itumwe nyumbani kabla ya tarehe 10 Desemba, kwa namba ya simu ya yule anayepika. Siyo kwa mumewe. Safu ya pili: nani anamenya ndizi usiku wa tarehe 24. Safu ya tatu: nani anabaki na sufuria ili mwenye jiko aende kanisani avae hicho kitenge. Safu ya nne ni vyombo, siku kwa siku, mpaka tarehe 2. Wanaume ndio wanaanza kuandika, na mkeo hakuandikii.

Shati la bluu, kalamu hii hapa. Anza na vyombo.