Mguu Chini ya Chuma: Kurudi Kwenye Kinga Ukiwa na Miaka 51

FREDDY: Jambo yenu, wasikilizaji wa Lubumbashi na popote mlipo. Mimi ni Freddy, na hapa kando yangu yuko Yaya Odile, dada yetu mkubwa, ambaye leo ameingia studio akichechemea.

ODILE: Sichechemei. Natembea kwa uangalifu.

FREDDY: Na hicho kiwiko kilichofungwa kitambaa?

ODILE: Kiwiko kina habari yake. Tutafika.

FREDDY: Haya. Yaya ana miaka 51, ana wajukuu wawili, na mwezi wa sita alinunua velo, yaani baiskeli, au kinga kama tunavyoiita hapa kwetu. Sisi tulidhani ni ya mjukuu.

ODILE: Hata muuzaji alidhani hivyo. Akaniuliza, "Mama, mtoto ana urefu gani?" Nikamwambia mtoto mwenyewe ndiye mimi, nipime. Alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia.

FREDDY: Ulikuwa unataka nini hasa?

ODILE: Magoti, mdogo wangu. Nikitembea kutoka mtaa wetu wa Kenya hapa mjini mpaka mtaa wa Kamalondo, jioni nalala na maji ya moto. Nikaambiwa kwenye kinga uzito wa mwili unabebwa na kiti, goti linazunguka tu. Na mimi kinga naijua tangu utotoni! Watu si husema ukishaijua huisahau?

FREDDY: Husema.

ODILE: Basi Jumapili ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, kile kibaridi chetu cha mwezi wa sita, niliikokota mpaka uwanja wa mpira wa mtaa wetu. Nikakaa kwenye kiti. Nikasukuma. Nilienda mita tatu hivi, zote za kuelekea kushoto, nikalala chini. Mara ya pili, kushoto. Mara ya tano, kushoto. Nikasema hii kinga imelogwa.

FREDDY: Usukani ulikuwa umepinda?

ODILE: Usukani ulikuwa mzima. Nilikaa chini pale nikafikiri, ndipo nikakumbuka. Sisi tulikulia kambi ya Gécamines, kampuni ya madini. Baba alikuwa na kinga moja, ndefu, ya kwendea kazini. Akirudi na kulala, tunaiiba. Sasa mimi nilikuwa mtoto mfupi, kiti kile nisingekifikia hata kwa ngazi. Kwa hiyo nilikuwa napitisha mguu wa kulia chini ya kile chuma cha juu, mwili wote unabaki nje upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umekumbatia kiti.

FREDDY: Aa! Tuliendesha hivyo wote. Kama kaa!

ODILE: Kama kaa. Kinga inalala kulia, wewe unaning'inia kushoto, mnasawazishana. Freddy, katika utoto wangu wote sikuwahi kukaa kwenye kiti cha kinga hata siku moja. Nilipofika kimo cha kukifikia, nilikuwa msichana tayari, na mama akasema basi, imetosha.

FREDDY: Kwa hiyo mwili haukusahau.

ODILE: Haukusahau hata kidogo! Ulikumbuka vizuri kabisa kinga ya kuning'inia. Nikikaa kitini, wenyewe unajimwaga kushoto, kwenda kutafuta mahali pake pa zamani. Ni heri yule asiyejua kitu. Mimi nilikuwa na kazi mbili, kufuta na kuandika upya.

FREDDY: Ulifutaje?

ODILE: Nilitoa pedali. Mtoto wa dada yangu alikuja na spana akazitoa zote mbili, akashusha kiti mpaka nyayo zangu zote zikakanyaga chini. Halafu nasukuma kwa miguu, hatua, hatua, kama mtu anayetembea amekaa. Siku ya tatu unaanza kuinua miguu kidogo. Inateleza yenyewe, unahesabu moja, mbili, tatu, unakanyaga tena.

FREDDY: Yaya, unajua umerudi wapi? Mwalimu wa historia ndani yangu hawezi kunyamaza. Velo ya kwanza kabisa, ile ya Mjerumani Karl von Drais, mwaka 1817, haikuwa na pedali. Watu wazima wenye kofia zao walikuwa wanasukuma kwa miguu namna hiyo hiyo. Pedali za kwenye gurudumu la mbele zilivuma Paris katika miaka ya 1860.

ODILE: Basi wale wazee walihitaji zaidi ya miaka arobaini, mimi nilihitaji wiki mbili. Waambie waliokuwa wananicheka.

FREDDY: Walikuwepo?

ODILE: Uwanja mzima! Hapo ndipo penye uzito, si kuanguka. Hapa kwetu kinga ni ya nani? Ni ya mtu wa makala, muuza mkaa. Wanaume wanaotoka njia ya Kasenga alfajiri, magunia yamepita vichwa vyao, wanasukuma. Mama mwenye wajukuu akipanda kinga, watu hawaoni mazoezi. Wanaona ameishiwa. Jirani mmoja alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu amepoteza kazi.

FREDDY: Ukamjibuje?

ODILE: Nilimwambia bado anayo, lakini leo ni zamu yake ya kupika bukari.

FREDDY: Na mavazi?

ODILE: Usiniulize. Kwa heshima nilivaa suruali na kitenge juu yake. Kitenge kikaingia kwenye mnyororo, kikavutwa taratibu, kikaniacha barabarani na suruali. Ilibidi kijana wa makala asimamishe mzigo wake, auegemeze kwenye fito, aje kuzungusha pedali kinyumenyume mpaka nguo ikatoka. Kimebaki na matundu meusi ya mafuta, sabuni yote imeshindwa.

FREDDY: Alisema nini?

ODILE: Alinipa darasa ambalo hakuna mwingine aliyenipa. "Mama, unaangalia gurudumu. Gurudumu halikimbii. Angalia kule unakotaka kufika." Na kweli, ukitazama shimo, unaingia shimoni. Akasema pia ukihisi unaanguka kulia, usikaze mikono, geuza usukani kidogo huko huko kulia, kinga itajiinua chini yako. Nilibisha. Nikajaribu. Ni kweli.

FREDDY: Ndiyo fizikia yenyewe. Magurudumu yanarudi chini ya uzito. Sasa, kiwiko.

ODILE: Kiwiko ni breki ya mbele. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, hilo nilikuwa nimeshafundishwa, kwa hiyo niliiamini. Lakini kwenye lami. Mimi niliibana kwenye kona ya vumbi na changarawe, mbele ya akina mama waliokuwa wanatoka misa ya kwanza. Gurudumu la mbele likateleza, nikashuka na kiwiko. Mmoja wao alinifuta damu kwa leso yake, huku akinihubiria.

FREDDY: Pole, Yaya.

ODILE: Siku hizi kwenye vumbi natumia ya nyuma kwanza, na napunguza mwendo kabla ya kona. Magoti nayo, kwa anayeuliza: nilipozoea, nilipandisha kiti. Kiti cha chini ni kizuri kwa kujifunza, lakini ukikiacha hapo, mbele ya goti patakuuma. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kimefika.

FREDDY: Na barabara kubwa?

ODILE: Bado. Manseba, wale wanaobeba abiria, wanapita na pikipiki zao kulia na kushoto, taksi-basi zinasimama pale anaposimama abiria. Mimi ni Jumapili asubuhi tu, mitaa ya ndani, chini ya jakaranda. Juzi nilipata pancha, nikamaliza saa nzima kwa fundi wa quado, mziba pancha. Anatafuta tundu kwenye beseni la maji, na mimi nimekaa kwenye tofali natazama mapovu.

FREDDY: Mpira ule una historia chungu. Dunlop alitengeneza tairi la upepo mwaka 1888, dunia nzima ikataka velo, na mpira ukatafutwa wapi? Kwetu Kongo, chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wa magurudumu ya watu wa mbali.

ODILE: Hilo hukuniambia siku zote hizi.

FREDDY: Hukuwa na velo.

ODILE: Mh. Nitamwambia yule fundi, naye ana mdomo, tutazungumza. Wewe lakini, mwalimu, unakuja lini? Shinikizo la damu lako halijasikia historia.

FREDDY: Mimi nina kilo mia moja na tano, Yaya.

ODILE: Gunia la makala linapanda bila kulalamika, tena si moja. Jumapili, saa kumi na mbili, kabla mvua hazijageuza uwanja kuwa tope. Funga suruali kwa mpira mguu wa kulia, upande wa mnyororo.

FREDDY: Na watu wakinicheka?

ODILE: Watakucheka. Mimi nitakuwa wa kwanza. Wewe utoto wako ulining'inia upande gani?

FREDDY: Kushoto.

ODILE: Basi tutatoa pedali.