Gari Hubebwa na Upepo: Mhadhara Kuhusu Matairi na Magurudumu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu madereva, na nyinyi ambao hamjawahi kushika usukani lakini mnapanda magari kila siku, asanteni kwa kuja. Juu ya meza nimeweka vitu vitatu: tairi lililokatwa vipande viwili, geji ya kupimia upepo, na nati moja ya gurudumu. Gari langu liko nje uwanjani. Nimelileta mapema, muda wa saa nne kabla ya mhadhara, na nilikuwa na sababu.

Nianze na swali. Gari linabebwa na nini? Wengi hujibu, linabebwa na matairi. Ukiwauliza ni nini hasa katika tairi, watasema ni mpira. Mpira peke yake hauwezi. Toa upepo kwenye tairi la gari dogo uone linavyolala, rimu, lile duara la chuma linalovaa tairi, ikakaribia kugusa chini. Kumbe kilichokuwa kimebeba gari ni upepo uliobanwa mle ndani. Mpira, nyuzi na nyaya za chuma zilizofumwa ndani yake ni mfuko, mfuko imara sana, kazi yake kuuzuia upepo huo usitoke na kuupa umbo la gurudumu. Mkilishika hilo, sehemu kubwa ya ninayotaka kusema mtaifikia wenyewe.

Tufanye hesabu ya haraka. Gari lina kilo 1,400, basi kila gurudumu linabeba kama kilo 350. Matairi yamejazwa upepo wa PSI 32, kipimo cha mgandamizo wa upepo, ambazo kwa kipimo kingine ni bar 2.2 hivi. Gawanya uzito kwa mgandamizo wa upepo, utapata sehemu ya tairi inayogusa barabara: sentimita za mraba 156 hivi. Ni kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne ukivijumlisha unapata eneo la karatasi hii ninayoishika, karatasi moja ya A4. Itazameni vizuri. Mama, watoto nyuma, mizigo kwenye buti, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mvua, kona, ng'ombe anayekatiza ghafla: yote hayo yanashikiliwa na karatasi hii moja.

Wazo la kupanda juu ya upepo si la jana. Robert William Thomson, Mskoti, alilipatia hataza mwaka 1845, likasahaulika, mpaka John Boyd Dunlop alipolifufua mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Alikuwa daktari wa mifugo, na alichotaka ni mtoto asirushwerushwe. Tangu hapo tairi limebadilika sana, lakini siri yake ni ileile.

Sasa nije kwenye adui mkubwa wa tairi. Si msumari. Ni joto.

Chukueni kipande cha waya mkiwa nyumbani, mkikunje na kukikunjua mara ishirini haraka haraka, halafu mguse pale penye kunjo. Panaunguza. Tairi linafanya kazi hiyohiyo. Kila sehemu inapofika chini inabonyea, ikipanda inanyooka. Tairi la ukubwa wa kawaida, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linazunguka kama mara 14 kila sekunde. Hesabu ni kubonyea mara ngapi katika safari ya saa tatu. Upepo ukiwa sawasawa, ubavu unabonyea kidogo na joto linapata nafasi ya kutoka. Upepo ukipungua, ubavu unabonyea zaidi, joto linapanda, gundi na mpira unaoshika nyaya unaanza kuachia, na siku moja uso wa tairi unabanduka au ubavu unapasuka. Ongeza mzigo uliozidi, ongeza mwendo, ongeza lami ya mchana wa jua kali. Ndiyo maana tairi hupasuka safarini, kwenye barabara ndefu iliyonyooka, wala si kwenye mashimo ya mtaani. Dereva atawaambia, "Limepasuka ghafla tu." Halikupasuka ghafla. Lilianza kufa tangu wiki ile upepo ulipopungua na hakuna aliyepima.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso za matairi kubanduka magari yakiwa mwendoni na watu wengi kupoteza maisha. Firestone na Ford zilitupiana lawama, na katika mabishano yale upepo, joto na mzigo vilitajwa tena na tena. Mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria iliyozaa ile taa ya onyo tunayoiona kwenye dashibodi za magari mapya, yenye alama ya mshangao katikati ya umbo la tairi. Taa ile ni kitu chema, lakini nawaomba msiitegemee peke yake. Kwa kanuni ya Marekani inatakiwa iwake upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25. Maana yake tairi la PSI 32 linaweza kushuka hadi 24 ndipo uonywe. Mpaka hapo umeshatembea siku nyingi juu ya tairi linalojipika.

Upepo kiasi gani, basi? Hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko popote, hata kwa mafundi wazuri. Wanainama, wanasoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, wanajaza mpaka hapo. Ile ni namba ya juu kabisa ambayo tairi halitakiwi kuivuka. Aliyelitengeneza hajui litafungwa kwenye gari gani. Anayejua ni aliyetengeneza gari, naye ameandika kwenye kibandiko: fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo au ukingo wa mlango, magari mengine hukiweka kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, na kitabu cha gari nacho kinasema. Utakuta namba za mbele na za nyuma, na mara nyingi namba za gari tupu na za gari lililojaa. Mkipakia ukoo mzima kwenda harusini, zile za pili zimeandikwa kwa ajili yenu.

Na upime tairi likiwa baridi. Baridi maana yake gari limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au halijatembea hata kilomita mbili kwa mwendo wa taratibu. Tairi likishatembea, upepo wa ndani unapashwa moto na namba inapanda kwa PSI nne, tano, hata zaidi. Basi usipunguze upepo wa tairi lenye moto ili "urudishe" namba, maana likipoa litabaki na upungufu. Hata bila tundu, tairi zima hupoteza kama PSI moja kwa mwezi, na asubuhi ya baridi huondoka na nyingine moja au mbili. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu, pima yote manne pamoja na la akiba. Wengi hulikumbuka la akiba siku ya pancha, na wanalikuta nalo halina kitu.

Nitazungusha tairi hili lililokatwa, mliguse. Nje linaonekana zima, meno, yaani michongo ya uso wake, bado yapo. Ingizeni vidole ndani, kwenye ubavu. Mnaona vidole vinavyotoka vyeusi? Ule ni unga wa mpira. Tairi hili lilipata pancha, na dereva, kwa kuogopa kusimama gizani, akaendelea kilomita chache. Namwelewa, na huenda mahali penyewe hapakuwa pa kusimama. Lakini kwa umbali huo mfupi rimu ilisaga ubavu kwa ndani. Angeziba tundu na kujaza upepo, tairi lingekubali kujaa, na nyuzi zilizosagika zingengoja safari nyingine. Ndiyo maana pancha inatakiwa itazamwe kwa ndani, tairi likiwa limetolewa kwenye rimu. Kiraka cha kuaminika hubandikwa ndani na shina lake hupita kuziba tundu lote. Kile kipande kinachochomekwa kwa nje bila kufungua tairi kikufikishe kwa fundi tu. Na tundu la ubavuni au begani, pale ubavu unapokutana na uso wa tairi, halizibwi, hata liwe dogo kama la pini, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayobonyea. Vilevile ukiona ubavu umevimba kama jipu, nyuzi zimekatika ndani. Usisafiri nalo.

Kuhusu meno nitasema kwa ufupi, kwani kipara kila mtu anakiona. Tairi jipya lina mifereji ya milimita 8 hivi. Nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zimeweka mwisho wa kisheria kuwa milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vinundu vya kimo hichohicho. Meno yakishalingana navyo, tairi limekwisha. Kwenye mvua mimi nisingengoja mpaka hapo. Kazi ya mifereji ni kuyapa maji njia. Ikiwa mifupi, tairi linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi mkononi kana kwamba haukuunganishwa na kitu. Meno pia yanazungumza. Yakiliwa katikati, upepo umezidi. Yakiliwa kingo zote mbili, umepungua. Yakiliwa upande mmoja, peleka gari kwenye alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Yakiliwa kwa mabonde mabonde, tazama shokapu, zile zinazotuliza mrusho wa gari.

Lakini tairi linaweza kuwa na meno mengi na bado likawa limezeeka. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. Ukikuta 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama huzioni, ziko upande wa ndani. Mpira hukauka na kupasukapasuka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano, na likifika 10 litolewe hata kama linang'aa. Unaponunua, soma tarehe hiyo kabla hujatoa pesa.

Nimebakiza nati hii, na kisa chake ni changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilibadilishiwa matairi kwenye karakana moja, nikaondoka. Kama kilomita 20 mbele usukani ulianza kutetemeka. Nikasema ni barabara. Kisha nikasikia tak, tak, tak, mlio unaokwenda mbio nikiongeza mwendo na kupoa nikipunguza. Nikaegesha. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na nati tano, na tatu kati yake nilizizungusha kwa vidole. Nilikuwa na watu wanne ndani ya gari lile. Nilikaa pembeni mwa barabara kwa muda mrefu kabla sijaweza kushika spana.

Mnapofunga gurudumu, futeni kutu na mchanga pale rimu inapokutana na habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa, kwa sababu uchafu huo ukisagika nati zinabaki zimelegea. Kaza kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, ukiruka nati hadi ile inayoitazama, si kwa kuzunguka duara. Mkazo wa mwisho uwe gari liko chini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kukaza kupita kiasi, kwa kusimama juu ya spana, huvuta boliti mpaka zikachoka na kukatika. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikague tena. Mimi huwa sikosi. Na wakati wa kubadilisha tairi, legeza nati kabla gari halijapanda kwenye jeki, weka kigingi kwenye gurudumu la upande wa pili, na usiingize mwili wako chini ya gari hata kwa sekunde moja.

Dada aliye mstari wa pili ameinua mkono: ukiwa na pesa ya matairi mawili tu, yafungwe wapi? Nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Tairi la mbele likiteleza, gari linakwenda mbele na dereva anahisi mkononi, anaachia mafuta, mara nyingi linashika tena. La nyuma likiteleza, gari linageuka kichwa nyuma kabla hajajua la kufanya. Na tairi likipasuka ukiwa kasi, sheria ni hiyohiyo ya utulivu: shika usukani kwa mikono miwili, uache mguu utoke kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu, uache gari lipungue lenyewe ndipo utoke barabarani.

Sasa ni saa ya kutoka. Gari langu lilikuwa limeshasimama kwa muda wa saa nne kabla hatujaanza, matairi yake ni baridi. Sijayapima leo, nimewaachieni nyinyi. Dada, shika geji. Kibandiko kiko kwenye mlango wa dereva.