Pindueni Kwanza: Mhadhara juu ya Kutambua Kazi ya Awali ya Samani za Kale

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, kwamba samani ya kale ipinduliwe na kutazamwa kabla ya kusafishwa, nami nalirudia kwa sababu hadi leo naletewa samani zilizokwanguliwa na kupakwa vanishi mpya, kisha mwenyewe huniuliza zilikuwa za kazi gani. Jibu lilikuwa katika uchafu alioufuta.

Samani ya kale haitambuliwi kwa kutazamwa mbele. Upande wa mbele ulitengenezwa upendeze. Ushahidi umo chini, nyuma na ndani ya droo, mahali ambapo fundi hakujali kupiga randa ya mwisho na kitambaa cha msafishaji hakikufika.

Niliwahi kuitwa kutazama meza ndogo ya mkangazi ambayo hati ya mauzo iliitaja kuwa meza ya kuandikia. Juu yake paliwambwa ngozi ya kijani, na katikati ya miguu yake minne, kwenye kimo cha magoti, palikuwa na rafu yenye droo. Rafu hiyo ndiyo iliyonitia shaka kwanza, kwani anayeketi kuandika lazima apate pa kuingiza magoti, na hapo hapakuwa na nafasi hata ya goti la mtoto. Nikavuta droo, nisione doa la wino, ilhali wino humwagika, na ukishanywewa na mbao ni vigumu kuuondoa. Nikaomba meza ipinduliwe. Upande wa chini wa ubao wa juu ulikuwa na duara pana ambalo nyuzi zake hazikufuatana na nyuzi za ubao wenyewe: palikuwa na tundu, likazibwa, na ngozi ikawambwa ili kuficha kiraka. Kando ya duara hilo mbao zilikuwa zimebadilika rangi kwa maji ya miaka mingi. Kwenye ukingo wa nyuma niliona safu ya matundu ya skrubu yaliyojazwa nta, ambapo hapo awali ulifungwa ubao wa kuzuia maji yasirukie ukuta, na juu ya rafu palikuwa na alama ya mviringo, ndipo lilipokaa jagi. Ilikuwa meza ya kunawia ya chumba cha kulala, ya wakati ambapo maji yalibebwa kwa mkono hadi chumbani na beseni likakaa ndani ya lile tundu. Mabomba yalipoingia majumbani, meza za namna hiyo zilikosa kazi, na nyingi zikageuzwa.

Najua yupo atakayesema kwamba meza ni mali ya mwenyewe, aitumie apendavyo. Sipingi, na aandikie juu yake maisha yake yote. Ninachokataa ni hati kutaja kazi ambayo meza haikuifanya, na ninachokataa zaidi ni msasa kupitishwa upande wa chini, kwa sababu ukishapita hapo, hakuna mtu atakayeweza kuuliza tena. Mwingine atasema kwamba uchunguzi huu ni wa wataalamu. Mimi nilitumia kurunzi na vidole. Ila alama moja isiwatoshe: doa la maji peke yake laweza kuwa la chungu cha maua. Palikuwa na rafu, tundu, skrubu na duara la jagi, na vyote vinne vilisema neno moja.

Wala msitegemee majina. Neno la Kifaransa “commode” lilikuwa jina la kabati fupi la droo katika karne ya 18, na katika Kiingereza cha karne ya 19 likaja kutajwa pia kwa kiti chenye chungu cha haja ndani yake.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nayapitia upesi. Kisanduku chenye kufuli na vyumba viwili vyenye vifuniko, ambacho huitwa cha vito, mara nyingi kilikuwa cha majani ya chai, yaliyofungiwa kwa sababu Ulaya ya karne ya 18 iliyaona ghali. Mistari ya tao juu ya ubao ni ya msumeno wa duara, uliokuja baadaye, kwa hiyo ukiiona kwenye samani inayodaiwa kuwa ya mwaka 1700, ama ubao huo uliongezwa baadaye, ama samani yenyewe si ya mwaka huo. Habari ya misumari naiacha kabisa.

Kiti kilichoko hapa mbele nimekileta kwa makusudi. Kikalio chake kiko chini mno, egemeo lake ni refu, na juu ya egemeo pana mto mwembamba. Mlipokuwa mkiingia niliwasikia baadhi yenu mkikiita kiti cha mtoto. Njooni mkipindue, mtazame kitambaa kilipochakaa, mbele ya kikalio na juu ya ule mto, kisha mniambie ni magoti ya nani yaliyokaa pale, na viwiko vyake vilikuwa wapi.