Adhabu Ndogo Isiyokosa Kufika
(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Nairobi)

Hamjambo wazazi, hamjambo walimu. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja. Nimeombwa nizungumzie utundu wa watoto na nidhamu shuleni, na najua swali lililowaleta wengi wenu ni moja: kiboko kikishapigwa marufuku, mtoto atashikwa na nini? Nitalijibu. Lakini naanza na karatasi ambayo baadhi yenu mnayo kwenye mikoba sasa hivi.

Barua ya kusimamishwa masomo. Mtoto anafika nyumbani Jumanne saa tano asubuhi, begi mgongoni, barua ina mistari mitatu: utovu wa nidhamu, arudi na mzazi tarehe fulani. Mzazi anasoma, damu inachemka, anachapa kwanza na kuuliza baadaye. Kesho yake anaenda kazini kwa sababu kibarua hakingoji. Mtoto anabaki na runinga, simu na marafiki wa ploti. Kama alikuwa anafanya fujo ili atoke kwenye somo la hisabati, amepata alichotaka, na sisi watu wazima ndio tuliompa.

Barua ikifika, isome mara mbili ukitafuta mambo matatu: alifanya nini hasa, lini na wapi, na nani aliona. "Utovu wa nidhamu" peke yake haikuambii kitu. Kuchelewa ni utovu wa nidhamu, na kumpiga mwenzako kwa kiti pia. Barua ikinyamaza, mpigie mwalimu wa darasa kabla ya mwalimu mkuu, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mtoto kila siku. Muulize pia kilichotokea dakika chache kabla ya kosa, na hatua gani zilishachukuliwa. Andika majibu kwenye daftari. Halafu jioni, mkishakula, keti na mtoto bila ndugu zake. Usianze na "kwa nini ulifanya hivyo?" Swali hilo huzaa "sijui" au uongo. Sema, "Nianzie kabla hujaingia darasani." Ukimwacha asimulie kwa mfuatano, sababu itajitokeza yenyewe.

Siku za kukaa nyumbani ziwe za kuchosha. Aamke saa ileile ya shule. Apate madokezo ya masomo kwa mwenzake na kuyanakili. Afue, afagie, simu ikae kwako. Kama hakuna mtu mzima nyumbani, mpeleke kwa shangazi au nenda naye kazini. Kushinda kwenye kibanda Gikomba akikunja mitumba si mateso, na wapo wanaojulia hapo karo hutoka wapi.

Siku ya kumrudisha, nenda na lile daftari. Usitoke ofisini bila mambo mawili yaliyoandikwa: tabia moja au mbili zinazotakiwa kubadilika, na tarehe ya kukutana tena, isizidi wiki mbili. Mikutano mingi huharibika hapa. Mzazi anaomba msamaha, mtoto anaapa, naibu wa mwalimu mkuu anafunga faili, na hakuna anayetazama tena mpaka barua ya pili. Na mkiambiwa mtoto amefukuzwa kabisa, jueni kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hakimruhusu mtu kumfukuza mwanafunzi hivihivi. Ni lazima njia nyingine za kumrekebisha ziwe zimeisha, na mtoto na mzazi wawe wamesikilizwa.

Sasa kiboko. Kisheria jambo hili limekwisha. Kilifutwa shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya viboko katika kifungu cha 29, na kifungu cha 36 cha ile sheria ya 2013 kinaweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mzazi anayemwambia mwalimu "mchape tu, nimekuruhusu" hana ruhusa ya kutoa.

Tuweke sheria kando, tuangalie kazi yenyewe. Kiboko humfundisha mtoto kumtazama mwenye kiboko. Mwalimu wa zamu akiwa mkali, kimya. Akiwa mpole, soko. Kwa jirani zetu Uganda, katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, mpango wa miezi 18 wa kuwafundisha walimu na wanafunzi njia nyingine za nidhamu ulipunguza kwa asilimia 42 uwezekano wa mtoto kupigwa na mwalimu ndani ya wiki. Watoto wakasema wanajisikia salama zaidi shuleni. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuacha fimbo na shule isianguke, lakini lazima apewe kitu cha kushika badala yake. Kosa letu Kenya lilikuwa kumnyang'anya fimbo na kumwacha mikono mitupu mbele ya watoto sitini.

Kitu hicho ni nini? Ni adhabu ndogo isiyokosa kufika. Ndogo, ya haraka, na ileile kila mara. Mtoto hapimi ukali wa adhabu, anapima uhakika wake. Adhabu kubwa inayokuja mara moja kati ya kumi ni kamari, na watoto wetu hawaogopi kamari.

Tazameni jambo linalotokea nyumba nyingi saa moja jioni. Mama ametoka kwenye matatu, miguu inamuuma, sufuria iko motoni. "Rudisha simu." Kimya. "Nimesema rudisha simu." "Ngoja kidogo." Mara ya nne anapaza sauti, mtoto naye anapaza, anatupa mto, mdogo wake anaanza kulia. Mama anachoka: "Haya, dakika kumi za mwisho." Hapo wote wawili wamefunzwa. Mtoto amejua kelele zinalipa. Mama amejua kukubali kunaleta utulivu. Kesho mama hataki kushindwa tena, anaanza na kofi, mtoto ananyamaza, na mama naye anajua kofi linafanya kazi. Kila siku kila mmoja anapanda ngazi. Gerald Patterson, mtafiti wa Oregon huko Marekani, alitumia miaka mingi akichunguza mzunguko huu ndani ya familia, na akaonyesha kwamba ndiko ukorofi wa watoto wengi unakopikwa. Mtoto anaingia nao darasani Jumatatu, anamjaribu mwalimu kwa mbinu ileile iliyomshinda mama.

Kuutoka mzunguko huo kuna namna yake. Usiamrishe ukiwa jikoni. Nenda mpaka umkaribie, umbali wa mkono. Taja jina lake, sema mara moja, na sema cha kufanya badala ya cha kuacha: "Weka simu mezani sasa." Kisha nyamaza, hesabu moyoni mpaka tano. Watu wengi hushindwa hapa, hurudia amri kabla mtoto hajapata nafasi ya kutii. Asipotii, mkumbushe mara moja tu pamoja na matokeo: "Usipoiweka sasa, kesho huipati." Asipotii tena, chukua, usihutubu. Na kesho hiyo iwe kesho kweli, kesho kutwa arudishiwe.

Mbona siku moja na si mwezi? Kwa sababu mwezi hautaufikisha. Alhamisi utataka utulivu, au utataka kumpigia ukiwa kazini, utamrudishia, na mtoto atajua kwamba neno lako lina tarehe ya kuharibika.

Tahadhari moja, na hii andikeni. Ukianza, mambo yatakuwa mabaya zaidi kabla ya kuwa mazuri. Kelele zilizokuwa zikilipa zimeacha kulipa, kwa hiyo mtoto ataongeza kelele. Zinaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki mbili. Ukikubali siku ya nne, umemfundisha kwamba dawa ni kupiga kelele kwa siku nne. Afadhali usianze kabisa.

Kanuni za nyumbani ziwe tatu, zisizidi. Sifa zizidi makaripio, na ziwe za jambo mahususi: "Umeosha vyombo kabla sijakwambia." Usimalizie na "lakini chumba chako je?" Umeshaifuta.

Kabla ya kumwita mtoto mtundu, hakikisha si mgonjwa wala si mchovu. Mtoto asiyeona ubao hupiga soga. Mwenye sikio linalotoa usaha huonekana mkaidi. Na usingizi: wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kijana wa miaka 13 anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kungoja basi la shule anapaswa awe amelala saa mbili na nusu usiku, ndipo apate hizo 8 za chini kabisa. Wangapi hapa wanalala saa hiyo? Na mtoto aliyekuwa mtulivu akigeuka ghafla, swali la kwanza ni nani anamuumiza. Nambari 116 ya huduma ya watoto hupigwa bure.

Walimu, zamu yenu. Kuna mchezo uliojaribiwa darasani Kansas, Marekani, mwaka 1969, na hauhitaji zaidi ya chaki. Gawa darasa vikundi kwa safu za madawati. Andika kanuni tatu ubaoni. Kikundi kinapovunja kanuni, weka alama moja chini ya jina lake. Mwisho wa muda, kila kikundi chenye alama chache kuliko tano kimeshinda, hata vyote vikishinda. Zawadi ni kutoka kwanza mapumzikoni. Anza na dakika kumi za somo moja, usianze na siku nzima. Mchezo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mwalimu anabishana juu ya kila alama. Weka alama, endelea kufundisha. Ya pili, mtoto mmoja anaharibu makusudi ili kikundi chake kishindwe. Huyo mpe kikundi cha peke yake, wenzake wasiadhibiwe kwa ajili yake.

Bweni ni jambo zito zaidi. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, moto wa bweni uliua wavulana 67. Moi Girls hapa Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Si kila moto ni wa kuwashwa na wanafunzi, lakini mwaka 2016 shule zaidi ya 100 ziliteketezewa majengo, waliowasha wengi wakiwa wanafunzi wenyewe, na wimbi hilo lilikuwa kali katika muhula wa pili. Malalamiko huwa yaleyale: chakula, mitihani ya majaribio, uongozi usiosikiliza. Shule yenye sanduku la maoni lisilofunguliwa ni hatari kuliko isiyo nalo. Lifunguliwe kila wiki mbele ya viongozi wa wanafunzi, na majibu yasomwe gwarideni, hata jibu likiwa "haiwezekani, na sababu ni hii."

Siku ya kutembelea, mzazi, pamoja na kuku na chapati beba futi ya kupimia. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda, njia ya ndani isiyopungua mita 2, milango inayofunguka nje, na madirisha yasiyo na vyuma. Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Vitanda vikigusana, usimkaripie matroni, hakujenga yeye. Peleka vipimo kwenye mkutano wa chama cha wazazi, viingie kwenye kumbukumbu. Na bweni lililobanana hivyo ndimo uonevu hufichika, kwa hiyo futi hiyo inapima nidhamu pia.

Sasa napokea maswali. Hili limeandikwa kwenye karatasi: "Kijana wangu wa gredi ya 10 amenipita kimo, anarudi saa nne usiku akinuka bangi, nikimsemesha ananisukuma. Hiyo adhabu ndogo itamfanya nini?"

Mama, asante. Usiku huo usizungumze naye. Mtu aliyelewa hafunziki, na mkono ukiinuka atakayeumia ni wewe. Usimfungie nje pia, kwa sababu yuko atakayemfungulia, na huyo ndiye mwenye bangi. Zungumza naye asubuhi, akiwa na njaa, na mtu anayemheshimu awepo: mjomba, kocha, mchungaji au imamu. Mwambie kitu kimoja tu, saa ya kurudi. Halafu tumia vitu ulivyo navyo mkononi, usitishie usivyoviweza. Huwezi kumzuia kutoka, lakini nauli iko kwako. Acha kumpa ya wiki, mpe ya siku, asubuhi, kiasi cha kwenda na kurudi. Bando la simu liko kwako. Kumfulia nguo kuko kwako. Akirudi saa moja, kesho yake ana nauli na bando. Akirudi saa nne, ana nauli tu. Msimamo huo uwe uleule kwa wiki tatu. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha wiki hii, umweleze bangi waziwazi, kwa sababu shule ikiigundua yenyewe mtaongea barua ya kusimamishwa ikiwa tayari mkononi mwako. Na kukusukuma si utundu. Kukitokea tena, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako siku hiyohiyo, usingoje alama za mwili.

Karatasi inayofuata.