Vinywa Vitatu na Mkono Mmoja: Kulisoma Shairi la "Ozymandias"

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokubali kuacha mpira jioni hii, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulisoma shairi la kale la Kiingereza tukalifurahia, badala ya kulimeza kwa ajili ya mtihani. Ningeweza kuwatajia washairi ishirini, mkatoka hapa na majina ishirini bila shairi hata moja. Nimechagua moja tu, la mistari 14: "Ozymandias" la Percy Bysshe Shelley. Wengi wenu mlikutana nalo shuleni, na bila shaka mliambiwa kwamba fundisho lake ni kuwa ukubwa haudumu. Mwalimu akaliandika ubaoni, mkanakili, kengele ikalia.

Fundisho hilo si la uongo. Lakini kama ndilo lote, Shelley angeandika mstari mmoja akaenda zake kulala. Kwa hiyo leo naomba tuliache mlangoni pamoja na viatu, tuulize jambo jingine: humu ndani nani anasema, na amepokea kwa nani?

Acheni kwanza nilisimulie kwa lugha yetu. Nilikutana na msafiri, asema mshairi, aliyetoka nchi ya kale. Msafiri akaniambia: kuna miguu miwili mikubwa ya mawe imesimama jangwani, haina kiwiliwili. Karibu yake, mchangani, umelala uso uliovunjika, nusu yake imezama. Umekunja kipaji, mdomo umebetuliwa kwa dharau ya mtu aliyezoea kuamrisha. Ukiutazama unajua kwamba mchongaji alimsoma vizuri bwana wake. Na kwenye kitako cha sanamu pameandikwa: "Jina langu Ozymandias, mfalme wa wafalme. Enyi wenye nguvu, tazameni kazi zangu, mkate tamaa!" Hakuna kingine kilichobaki. Kuzunguka gofu lile ni mchanga mtupu, tambarare, hadi upeo wa macho.

Sasa fuateni mnyororo. Mfalme alitamka. Mchongaji akachonga. Msafiri akasoma. Mshairi akamsikia msafiri, na sisi tunamsikia mshairi. Hii ni isnadi kabisa, kama ya wapokezi wa hadithi za Mtume, na waliopita madrasa wanajua kwamba kazi ya kwanza ni kumpima kila mpokezi.

Tumpime mfalme. Alidhani anazungumza na wafalme wenzake, kumbe anayemsikiliza ni mpita njia. Maneno yake hayajabadilishwa hata herufi moja, ila maana imempindukia. Alitaka wenye nguvu wakate tamaa kwa kuona kazi zake. Leo mwenye nguvu akifika pale atakata tamaa kwa sababu hakuna kazi ya kuona. Ni nadra kumkuta mtu akikanushwa na maneno yake mwenyewe bila mpinzani yeyote kufungua mdomo.

Halafu mchongaji. Huyu hana jina wala hasemi neno, na kwangu mimi ndiye aliyelishika shairi zima. Mstari wa nane unasema "The hand that mocked them, and the heart that fed". Mkono ni wa mchongaji, moyo ni wa mfalme: moyo ulizilisha zile jeuri, mkono ukaziiga na kuzidhihaki kwa pigo lile lile la patasi. Fikirini hali yake. Ni mtu wa kazi, analipwa, anasimamiwa. Ameandika ripoti yake juu ya bosi, tena kwenye uso wa bosi mwenyewe, na huenda bosi akaipokea kwa furaha akidhani ni sifa.

Je, Shelley aliyaona haya? Hapana, hakuwahi kufika Misri. Ozymandias ni jina ambalo Wagiriki walimwita Ramesses wa Pili, farao wa karne ya 13 kabla ya Kristo, na maandishi ya sanamu yanatokana na mwanahistoria Mgiriki Diodorus. Katika maelezo ya Diodorus mfalme anasema kwamba anayetaka kujua ukubwa wake na azishinde kazi zake. Pale kuna mashindano, mlango uko wazi kidogo. Shelley ameufunga na kuweka amri ya kukata tamaa. Mwaka 1816 Mwitalia Giovanni Belzoni alikuwa ameng'oa kule Thebes, mji wa kale wa Misri, kipande cha sanamu ya farao huyo, chenye uzito wa zaidi ya tani 7. Shairi lilipoandikwa kilikuwa hakijafika London. Leo kiko British Museum, na ukitazama uso wake, umetulia, karibu unatabasamu. Ile dharau ya mdomoni ni ya kubuni.

Na shairi lenyewe lilizaliwa kwa mashindano. Mwishoni mwa Desemba 1817 Horace Smith, dalali wa hisa aliyekuwa pia mshairi, alikwenda kumtembelea Shelley mjini Marlow. Wakakubaliana kila mmoja aandike soneti, yaani shairi la mistari 14, juu ya Ozymandias huyohuyo. La Shelley lilichapishwa katika gazeti la The Examiner tarehe 11 Januari 1818, la Smith tarehe 1 Februari. (Mwezi huo wa Januari ndipo mke wa Shelley, Mary, alipotoa riwaya ya Frankenstein. Nyumba hiyo haikuwa na mvivu.) Smith naye anao mguu wa mawe jangwani na maandishi ya mfalme. Kisha anatufafanulia: siku moja mwindaji atapita nyikani mahali palipokuwa London, akute kipande kikubwa cha jiwe, ashangae ni watu gani waliishi pale. Wazo ni zuri. Lakini Smith ametushika mkono hadi kwenye fundisho, na ndiyo maana leo anatajwa kwa sababu ya Shelley. Shelley anauonyesha mchanga, ananyamaza.

Sikio nalo lina haki yake. Sisi tumezoea mizani ya kuhesabu, nane kwa nane, na mkazo wetu karibu daima uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa Kiingereza mkazo huhama, na mshairi hucheza na kuhama kwake. Kawaida ya shairi hili ni silabi 10 kila mstari, nyepesi ikitangulia nzito, mara tano. Gongeni meza mnaposoma "My name is Ozymandias, King of Kings": inaanza kwa upole. Kisha "Look on my Works, ye Mighty, and despair!" Pigo zito limerukia mbele, kama mtu anayegonga meza akiamrisha. Na mara tu baada yake, "Nothing beside remains." Pigo zito tena mwanzoni, maneno matatu, nukta. Ule ubabe wa mfalme unajibiwa kwa mdundo wake mwenyewe.

Vina pia visiwapite. "Kings" inafungamana na "things", vile vitu visivyo na uhai vilivyotajwa mistari mitatu juu. Hakusema popote kwamba mfalme ni kitu. Kina kimesema. Na "stone" na "frown" hazilingani sawasawa. Malenga wetu angempigia kelele.

Wengine mtasema haya tunayo nyumbani, nami nakubali. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya mji wa Pate: "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Palipopangwa sahani, sasa yamelala makinda ya ndege. Ila tazameni walivyoachana. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya, kwa kuwa mbele kuna akhera na hesabu. Yeye yumo ndani ya onyo. Shelley, aliyefukuzwa Oxford mwaka 1811 kwa kijitabu cha kutetea ukanaji Mungu, hana akhera ya kumwelekeza msomaji, na amejificha nyuma ya msafiri asiyejulikana hata katoka wapi hasa. Wa Pate yumo msibani. Mwingereza kaleta habari aliyoisikia njiani. Mimi Al-Inkishafi linanitikisa zaidi, lakini mbinu ya Shelley naionea wivu.

Mezani pale kuna karatasi zenye soneti zote mbili, ya Shelley na ya Smith. Zichukueni, mzisome kwa sauti huku mkigonga meza, kisha mnieleze kama nimemwonea Smith. Najua walimu wawili hapa ambao tayari wamekunja kipaji. Tuanze na wao.