Je, Uingereza Inamlipa Mtu kwa Sababu Amenenepa?

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Wazee wangu wa Uganda mnaonitazama kutoka Jinja, Mbale, Arua na Busia, shikamooni. Leo sijajipamba. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, hapa Leicester ni saa mbili asubuhi, sare ya kazi bado iko mwilini, na nimeona niseme kabla sijalala kwa sababu jambo hili limenikaa kooni tangu Jumapili.

Kaka mmoja wa Mbale alinitumia ujumbe wa sauti. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Dada, tunasikia huko Uingereza mtu akila mpaka akashindwa kutembea, serikali inamlipa akae nyumbani. Wewe unayekatwa kodi unaonaje?" Nikasema nitamjibu nikipata nafasi. Jioni hiyohiyo, kwenye grupu la ukoo, tulikuwa tunachanga pesa za dawa za shangazi yangu. Ana sukari, na kidonda cha mguuni hakitaki kufunga. Mtu wa damu yangu akaandika: "Angefunga mdomo mapema." Wengine watano wakaweka vicheko.

Kwa hiyo kaka yangu, jibu lako limekuwa refu.

Nianze na ulichouliza. Hapana, hapa hakuna anayelipwa kwa kilo zake. Kuna msaada wa wasio na kazi na wenye kipato kidogo, unaitwa Universal Credit. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, mtu mmoja mwenye umri wa miaka 25 na kuendelea kiwango chake cha msingi kilikuwa kama pauni 400 kwa mwezi, msaada wa pango kando. Ukizigeuza shilingi unaona utajiri. Ukizitumia hapa, kwenye umeme na nauli na chakula, unazimaliza mwezi haujafika katikati. Halafu kuna fedha za watu wenye ulemavu, na huko hawakupandishi kwenye mizani. Wanakuuliza: unaoga mwenyewe? Unavaa mwenyewe? Unapika? Unatembea umbali gani kabla hujasimama? Mtu mzito anayejimudu hapati hata senti.

Na usifikiri hilo la kwako Waingereza hawajaliuliza. Mwaka 2015 waziri mkuu wa wakati huo, David Cameron, alimpa daktari mmoja mkubwa, Carol Black, kazi ya kuchunguza kama watu wanene, walevi na wanaotumia madawa ya kulevya wanyimwe msaada wakikataa matibabu. Ripoti ikatoka Desemba 2016. Hakupendekeza wanyimwe. Alisema kumlazimisha mtu atibiwe kwa kumshikia riziki kunaleta matatizo ya sheria na ya maadili, na wataalamu walimwonya kwamba wenye uraibu wangezidi kujificha. Lishikeni hilo neno, kujificha, nitalirudia. Mwaka 2024 tena waziri wa afya, Wes Streeting, akazungumzia sindano za kupunguza uzito kwa wasio na kazi ili warudi kazini, watu wakabishana wiki nzima. Tangu Juni 2025 madaktari wa mtaa wa England wanaweza kuandika sindano ya Mounjaro, ila walianza na wenye uzito mkubwa kabisa walio na magonjwa kadhaa juu yake. Kama mnasikia kila mtu huku anadungwa bure, si kweli.

Sasa niwaambie ninachokiona kwa macho yangu.

Nina mzee mmoja ninayemhudumia. Jina simtaji wala mtaa wake. Hawezi kutoka kitandani bila watu wawili na mashine ya kunyanyulia, ile yenye kitambaa kikubwa kama machela. Unamgeuza upande mmoja, mwenzako anapitisha kitambaa chini ya mgongo, unamgeuza upande wa pili, unakivuta, unafunga kamba nne kwenye vyuma, halafu unabonyeza kitufe na mtu mzima ananing'inia hewani. Siku yangu ya kwanza, Mungu anisamehe, nilisema moyoni maneno yaleyale ya ndugu yangu wa kwenye grupu. Nilimtazama nikasema, amejifikishaje hapa?

Yule mzee, alipokuwa juu, alifumba macho akasema, "Samahani." Tukamshusha kitini, akasema samahani. Nikamfuta mikunjo ya tumboni, maana pale jasho likikaa ngozi inachubuka na kutoa harufu, akasema samahani mara ya tatu. Sasa ni mwaka wa pili na hajaacha. Kila asubuhi anaomba radhi kwa kuwa na mwili.

Kidogo kidogo nikamjua. Aliendesha lori la usiku miaka 31. Alikuwa anakula akiwa kwenye usukani, saa tisa usiku, kile kilichokuwa wazi barabarani. Akaumia mgongo, akaacha kazi, mke akafariki, akakaa kitini mbele ya televisheni na kile kiti kikamla. Miaka yote 31 alikatwa kodi. Mimi viza yangu imeandikwa wazi kwamba siruhusiwi kugusa fedha za umma. Nakatwa kila mwezi, na nikianguka leo sina changu pale. Kwa hiyo, kaka wa Mbale, kama kuna mtu mwenye haki ya kuona uchungu pesa yake ikimsaidia yule mzee, ni mimi. Na nakwambia sioni uchungu. Nimemshika mgongo. Najua anachopewa na najua hakimtoshi.

Turudi nyumbani, maana kilichoniumiza zaidi kiko nyumbani.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea, pale Walukuba, Jinja, kwenye nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda. Baba alikufa mwaka 1994. Mnajua alikufa na nini, na kwa muda mrefu hakuna aliyelitamka. Siliimu, yaani UKIMWI. Huko nje wengi hawaelewi jina hili lilitufanya nini. Ugonjwa ulipojitokeza Kasensero, kwenye ufuo wa ziwa kule Rakai, mwaka 1982, watu waliuita kwa kile walichokiona: mtu anakonda. Kukonda kukawa ndiyo hukumu yenyewe. Mashavu yakiingia ndani, majirani wanahesabu siku zako. Baba alipokufa nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka mkono wa baba, saa yake ilivyokuwa inateleza kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko.

Baada ya mazishi shangazi alianza kutulisha kama anayepigana na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba. Akala matooke na karanga, akala posho, yaani ugali, jioni, akanywa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, na kila kilo iliyoongezeka watu walimpongeza. "Umenona! Umependeza!" Ilikuwa ni kama cheti kwamba huyu hana ule ugonjwa, huyu anaishi. Na kabla ya siliimu kuna mengine ya zamani zaidi: bibi harusi wa Kihima, wale wafugaji wa ng'ombe, kunyweshwa maziwa mpaka anone, na Speke, yule mpelelezi Mwingereza, mwaka 1861 kule Karagwe, kwa mfalme Rumanika, akikuta wanawake wa jumba la kifalme walionenepeshwa mpaka kusimama ni shida. Unene kwetu ulikuwa heshima muda mrefu kabla haujawa ugonjwa. Mpaka leo, mimi nikirudi nimepungua kidogo, jambo la kwanza uwanja wa ndege ni, "Kwani unaumwa?"

Basi mtu yuleyule mliyemsifu kwa kunona miaka 20, siku anaugua mnamwambia alikuwa mlafi. Hilo ndilo nashindwa kulielewa.

Mnamuita hajawajibika. Nawauliza, mnajua siku yake ilivyokuwa? Alikaanga chapati stejini. Saa kumi na moja alfajiri anakanda unga, saa mbili usiku anafunika kikaango. Masaa yote hayo amekaa kwenye kigoda, moto magotini, mafuta yanamrukia mikononi. Chakula chake kilikuwa kile kilichobaki: chapati zilizoungua pembeni, au kikomando, chapati na maharage, kwa sababu vinashibisha na havimli faida. Matunda alikuwa anayaona yakipita kwenye beseni la mtu mwingine. Kwa kile kikaango walisoma watoto watano. Mimi ni mmoja. Na huyo aliyeandika "angefunga mdomo" ni mwingine, karo yake ya sekondari ilitoka kwenye mafuta yaleyale. Kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyebeba wajibu wake na wa wengine, ni shangazi.

Hakuna aliyembeba yeye. Kwenye taksi kondakta anamwambia alipe viti viwili, mbele ya watu. Kwenye harusi ya binamu yangu, mwaka juzi, nilikuja likizo, nikamwona amesimama nyuma ya hema kutoka asubuhi. Nikamwambia, shangazi kaa. Akasema yuko sawa. Baadaye nikafahamu kwamba siku za nyuma kiti cha plastiki kiliwahi kumvunjikia kwenye msiba, watu wakacheka, na tangu hapo hakai mpaka mtu apachike viti viwili, kimoja ndani ya kingine. Yeye kuomba anaona aibu. Alisimama masaa sita na miguu ile.

Aibu hiyohiyo ndiyo iliyomfanya ajifiche na kuchelewa. Alipoanza kukojoa sana usiku na kuona ukungu, hakwenda kupima. Mara moja alikuwa amekwenda kituo cha afya, simtaji, na mhudumu akamwambia mbele ya foleni, "Mama, wewe ugonjwa wako ni sahani." Hakurudi tena kwa zaidi ya mwaka. Matibabu ya serikali hayalipishwi tangu 2001, lakini bure haikusaidii kitu kama unaogopa mlango. Na ukiingia ukaambiwa dawa zimeisha, kanunue, ndipo tunapochanga kwenye grupu. Msaada wa serikali kwa wazee, ule wa SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ni wa waliofikisha miaka 80. Shangazi ana 61. Kwa hiyo mnaocheka kuhusu Waingereza kubembelezwa na serikali, sisi serikali yetu ya kubembelezana ni grupu la WhatsApp. Humo ndimo tunamtukana.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2011 ulionyesha asilimia 19 ya wanawake wetu wana uzito uliozidi. Wa 2016 ukaonyesha 24, karibu mmoja kati ya wanne. Wanaume walikuwa 9. Niambieni, kati ya 2011 na 2016 wanawake wa Uganda walipatwa na ulafi wa ghafla? Ama ni soda kufika kila kijiji, mafuta ya kukaangia kuuzwa kwenye vipakiti, na kazi za kukaa kwenye kigoda kutwa?

Sisemi mtu hana sehemu yake. Anayo. Shangazi ameacha soda, chai anakunywa bila sukari, na jioni anatembea mpaka msikitini na kurudi, ule mguu umefungwa bendeji. Lakini alianza lini? Alianza siku muuguzi mmoja jirani alipokuja kwake nyumbani, akafunga mlango, akampima bila kumwambia neno baya. Nilipomuuliza shangazi nini kilimbadilisha, alisema, "Hakunicheka."

Na Waganda tulishalijua hili, ndiyo maana nina hasira. Miaka ile ya siliimu tulianza hivyohivyo. "Amejitakia. Alikuwa anatafuta nini?" Watu wakafa vyumbani milango imefungwa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mumewe akiwa amekufa kwa ugonjwa huo, akakusanyika na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, wakakaa na wagonjwa, wakawashika mikono, wakawafundisha kuishi. Mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki, mtu wa ughaibuni kama mimi, akatoka Sweden akaja kusema hadharani kwamba anao. Watu walianza kupima, kusema na wenza wao, kujilinda, walipoona kuna mahali pa kupokelewa. Dunia ilikuja kujifunza kwetu. Sisi tulio na somo hilo nyumbani, leo tunamwambia mgonjwa wa sukari afunge mdomo?

Ndugu yangu wa kwenye grupu, najua unanitazama. Sikutaji. Mpigie shangazi leo, usimwambie chochote kuhusu chakula. Muulize mguu.

Na wengine: nimenunua vijiti vya kupimia sukari, vya ile mashine yake ndogo, pakiti nne. Vinaingia kwenye mfuko wa koti. Kama kuna mtu wa Leicester, Birmingham au London anayesafiri kwenda Entebbe kabla ya mwisho wa mwezi, aniandikie. Nitamletea mwenyewe mpaka mlangoni, na binamu atampokea uwanjani. Vya sasa vimebaki sita, anapima siku moja, anaruka mbili.